Mafuta Yaliyotoa Povu Mbele ya Watu Wote

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumanne, nikiwa nimesimama uani na mswaki mdomoni, nilifungua simu ya biashara nikaona mafuta yetu yanafoka povu mbele ya watu elfu mbili.

Video ilikuwa ya sekunde thelathini na tano. Ilionyesha karai kubwa la chipsi juu ya jiko la mkaa, na pembeni yake dumu la njano lenye karatasi yetu: "Alizeti ya Kinampanda." Mafuta yanaanza kupata moto, kisha povu jeupe linapanda, linafika ukingoni, linamwagikia mkaa, moshi unatanda. Sauti ya mwanamke inasema: "Wapenzi wangu, mnaona? Nimetumiwa sabuni kutoka Singida. Hela yangu wamekula. Mwenye nguo chafu alete, leo hapa hatukaangi, tunafua."

Niliitazama mara tatu. Mara ya kwanza kwa hofu, mara ya pili kwa hasira, mara ya tatu nikiwa na kalamu na daftari.

Vijana, nimeshaacha kazi hiyo. Simu ya biashara nimeikabidhi kwa wenzenu na sasa ninalima alizeti yangu mwenyewe, ekari nne. Lakini bado mnanisimamisha njiani, wa asali, wa kuku, wa vitunguu, kila mmoja na simu yake, mkiuliza: "Shikamoo baba, tufanyeje watu wanunue?" Njiani siwezi kujibu vizuri. Nimeona niandike, na nitaanza na siku hiyo ya povu kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi ya nyingine zote.

Kwanza mjue nilivyoingia. Sikusomea biashara. Nina elimu ya darasa la saba, na kazi yangu pale mtamboni ilikuwa mizani: napima gunia la mkulima, naandika kilo, nampa karatasi yake. Mwenye mtambo, Mzee Kidua, alikuwa anauza mafuta yote kwa dalali mmoja aliyekuja na lori na bei yake mfukoni. Siku moja nikamwambia tujaribu kuuza wenyewe kwa simu. Akanitazama kama nimemwambia tukamue mawe.

"Msengi," akasema, "picha haijawahi kukaanga samaki."

Lakini akaninunulia simu. Alisema mimi nina mwandiko mzuri, kana kwamba simu inaandikwa kwa kalamu ya wino.

Picha yangu ya kwanza niliipanga nusu siku. Madumu arobaini, safu nne za kumi kumi, midomo yote imeelekea upande mmoja. Nikaona nimefanya kazi ya maana. Waliobonyeza kuipenda walikuwa kumi na mmoja, tisa kati yao ndugu zangu. Aliyeuliza bei hakuwepo.

Pale getini kwa mtambo alikuwa anakaanga maandazi mama mmoja, Mama Hadija. Nilimwonyesha ile picha nikitegemea sifa. Akajifuta mikono, akaisogeza simu mbali na macho, akaitazama.

"Baba Anna, hii ni stoo."

"Ni mafuta, mama."

"Naona madumu. Nani ananunua stoo? Mimi nikitaka mafuta nafikiria andazi. Hebu njoo hapa."

Akatumbukiza maandazi sita, akasubiri yageuke rangi, akaniambia, "Piga sasa." Nilipiga yakiwa yanaelea, mafuta ya dhahabu, jua la asubuhi limeingia kwa pembeni. Siku hiyohiyo watu watatu waliuliza bei. Sikuwahi tena kupiga picha ya safu za madumu, isipokuwa pale Mzee Kidua alipotaka moja ya kuweka ukutani.

Huyo Mama Hadija ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, ingawa yeye mwenyewe simu yake ilikuwa ya vitufe. Aliyajua ya wateja kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia akihutubia mambo hayo. Mfano mmoja tu. Mwanzoni mteja akiniandikia "Habari," mimi, kwa kuthamini muda wake, nilikuwa namjibu "85,000 kwa lita 20 mpaka Dodoma." Mama Hadija aliposikia alicheka mpaka andazi likaungua.

"Mtu amekuamkia, wewe umemdai elfu themanini na tano! Amekosa nini?"

Tangu siku hiyo nikawa najibu salamu kwanza, nauliza anapikia nyumbani au biashara, halafu bei. Mstari mmoja zaidi. Jaribuni, mtaona.

Lingine ni daftari. Nimeona wengi wenu mnaposti kama mtu anayerusha mawe gizani: leo picha, kesho wimbo, keshokutwa picha ya mchezaji wa mpira, halafu mnalalamika mtandao hauuzi. Mimi niliandika kila posti: siku, saa, ilikuwa nini, wangapi waliuliza, wangapi walinunua. Wiki mbili nikaweka picha bila bei, na maneno "bei njoo faragha," kama nilivyoona wengine wakifanya. Waliuliza watu thelathini na mmoja, wakanunua wanne. Wiki mbili zilizofuata nikaweka bei palepale kwenye picha. Waliuliza kumi na wawili, wakanunua saba. Wale wengine walikuwa wapita njia, na nilikuwa nawatumikia mimi, siku nzima, kwa bando la Mzee Kidua.

Saa nazo nilikosea. Nilikuwa naposti saa sita mchana nikidhani ni saa ya mapumziko. Wateja wangu walikuwa mama lishe na wauza chipsi. Mama Hadija akaniambia, "Saa sita mimi nina moshi machoni na watu kumi mbele yangu. Hiyo simu yako nitaisoma kwa mguu?" Akanielekeza saa kumi jioni, mtu anaposugua masufuria na kuwaza ya kesho. Nikahamia hapo. Ninyi mnaouza kuku, saa zenu ni nyingine, kazitafuteni. Muulizeni mteja, siku yake inaanzaje.

Sasa turudi uani kwangu, na mswaki.

Mjue hali ilivyokuwa. Kwa miaka tulikuwa tunawauzia mtandaoni watu wa kwetu walioko mijini, watoto wa Kiomboi na Nduguti na Ikungi waliokumbuka mafuta ya nyumbani. Halafu tukapata nafasi kubwa: mteja mmoja alituingiza kwenye kundi la wakaangaji wa Dodoma, watu elfu mbili, wote wanatumia mafuta kila siku. Ndani ya wiki mbili tulikuwa na oda za madumu sitini na manne, kwa elfu themanini na tano kila moja, malipo mzigo ukifika. Lori lilikuwa liondoke Alhamisi. Mwanamke mmoja tu, muuza chipsi anayeitwa Mama Tuli, hakutaka kungoja lori. Alilipia dumu moja mapema, nikamtumia kwa basi siku ya Jumapili. Ndilo lile la kwenye video.

Mzee Kidua alikuwa ameshachukua alizeti ya wakulima na kuwaahidi malipo mazuri siku ya Jumamosi, kwa kutegemea bei ya Dodoma. Oda zikianguka, mafuta yangemrudia dalali, naye dalali alikuwa ameshasema: elfu sitini kwa dumu, taka usitake. Na Mzee alikuwa ameniambia wazi kwamba hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya simu. Ikishindikana, mimi narudi kwenye mizani na wakulima wanarudi kwenye bei ya zamani.

Nilipofika mtamboni saa mbili kasorobo, watu wanane walikuwa wamekwisha kuandika "Nafuta oda." Nikamwonyesha Mzee.

"Mfute huyo mama!"

"Haiwezekani, Mzee. Kundi si letu."

"Basi mwambie amekuwa mwongo. Huyo katumwa. Katumwa na wale wenye mtambo ng'ambo ya barabara."

Sikuamini kuwa katumwa. Katika kutazama kwa mara ya tatu nilikuwa nimeandika kitu kimoja kwenye daftari: *karai limejaa, moto mkubwa, mafuta mabichi.* Nililijua lile povu. Kila mtu wa kwetu analijua. Mafuta yakitoka kwenye mtambo wetu bado yana utomvu wa mbegu ndani yake, na ukiyaweka motoni hivyohivyo yanafoka. Kwa hiyo huku nyumbani mafuta mapya hayatumiki kabla hayajapikwa mara moja. Mtoto wa miaka saba amemwona mama yake akifanya, hakuna anayefundishwa. Nikakaa kwenye gunia nikaandika maelezo. Mistari kumi na saba, nikaeleza utomvu, joto, kosa la mteja, na usafi wa mtambo wetu. Kabla ya kutuma nikampelekea Mama Hadija nimsomee.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza andazi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mtu karai lake limefoka, biashara ya asubuhi imekufa, wewe unamsomea barua ya shule. Umempigia simu?"

"Sijampigia."

"Umemuuliza kama ameungua?"

Sikuwa nimefikiria hilo kabisa. Nimekaa nalo mpaka leo. Nilikuwa nimeitazama video mara tatu, nikahesabu sekunde, nikaona ukubwa wa moto, na sikuuona mkono.

Nikapiga.

"Nani?"

"Naitwa Baba Anna, wa mtambo wa Kinampanda. Habari za..."

"Habari zipi tena? Habari zangu umeziona, na Dodoma nzima imeziona! Wanafunzi wamepita hapa na hela zao mkononi, wote wameishia kwa jirani. Jirani ananicheka mpaka meno ya nyuma nayaona."

"Pole sana, mama. Umeungua?"

"Kidogo. Kidole. Niliwahi kuruka."

"Umekiweka kwenye maji ya baridi?"

"Wewe kaka, umepiga kuuza mafuta au umekuwa daktari?"

"Kidole kwanza, mama. Mafuta baadaye."

Nikasikia maji yakimiminwa. Aliporudi sauti ilikuwa imeshuka, lakini si sana.

"Haya, sema."

"Mafuta uliyamimina ukawasha moto moja kwa moja?"

"Ulitaka niyaombee dua kwanza?"

"Hukuyapika?"

"Kuyapika? We baba, mafuta yanapikwa? Mafuta ndiyo yanapika!"

Hapo ndipo nilipolielewa kosa letu lote, na nikatazama yale madumu sitini na manne yaliyokuwa yamepangwa kungoja lori. Yote yalikuwa yanakwenda kwa watu wasiojua. Tulikuwa tumewaandikia bei, lita, rangi, siku ya kufika, kila kitu isipokuwa kile ambacho kwetu hakisemwi kwa kuwa kila mtu anakijua. Kama si haraka ya Mama Tuli, Ijumaa yangefoka makarai sitini na manne siku moja.

"Mama," nikamwambia, "kosa si lako, ni letu. Hatukukuambia. Nakuomba kitu kimoja: saa tano nitakutumia video ya namna ya kuyafanya. Jaribu na mafuta yaliyobaki. Yakitoa povu tena, jioni hii hela yako yote inarudi, na biashara uliyokosa asubuhi nakulipa."

"Na wewe unataka niifute ile video."

"Hapana, iache."

"Niiache?"

"Watu wameshaiona. Ukiifuta watasema tumekuhonga."

Akacheka, mara moja, kwa pua. Nikajua tumefika mahali.

Mzee Kidua alitaka video ipigwe mbele ya mtambo, yeye amevaa koti. Nikakataa kwa adabu. Tuliipiga jikoni kwa Mama Hadija, simu nimeiegemeza kwenye debe la unga, ikaonyesha mikono yake tu. Sufuria kavu kabisa. Mafuta nusu ya sufuria, yasizidi. Kitunguu kimoja kimekatwa, kimewekwa mafuta yakiwa bado baridi. Moto mdogo. "Hapa usiende popote," alikuwa anasema, "hata ukiitwa na mumeo." Povu likapanda, akaepua kidogo, likashuka, akarudisha. Likapanda tena dogo zaidi. Mara ya nne halikupanda, na kitunguu kikawa cha kahawia. Akaepua, akaacha yapoe, akachuja kwa kitambaa safi, akaonyesha masimbi, yale mashapo yaliyobaki chini. Katikati ya kazi hiyo jogoo akaingia jikoni, na Mama Hadija akamfukuza kwa Kinyiramba bila kupunguza moto wala sauti. Nilitaka kulikata lile la jogoo. Mama akasema liache, mbona ndivyo jikoni kulivyo.

Kupoa kulichukua muda, kwa hiyo nilipumzisha kamera, na video nzima ikawa dakika mbili na sekunde arobaini. Nilimtumia Mama Tuli peke yake kwanza. Sikuiweka kwenye kundi. Malalamiko yalikuwa yake, nikaona jibu nalo liwe lake.

Kuanzia hapo hatukuwa na la kufanya. Kufikia saa saba oda zilizofutwa zilikuwa ishirini na mbili. Mzee Kidua alikuwa anazunguka ua mikono nyuma. Kila akipita dirishani kwangu anauliza, "Bado?" nami najibu, "Bado." Saa tisa dalali akapiga simu, Mzee akaitazama ikiita mpaka ikakata. Sijawahi kumheshimu kama dakika hiyo.

Saa kumi na dakika thelathini na tano jioni, kundi likaita. Ni Mama Tuli, karai lilelile, dumu lilelile na karatasi yetu. Kidole kimefungwa kitambaa. Mafuta yametulia kama chai, chipsi zinageuka rangi. "Wapenzi wangu," anasema, "nguo zirudisheni nyumbani. Leo hakuna kufua. Kumbe haya mafuta yana masharti kama mganga. Namwekea hapa mama wa Singida awafundishe alivyonifundisha." Chini yake akabandika video ya Mama Hadija.

Maoni ya kwanza hayakuhusu mafuta. Mtu aliuliza, "Yule jogoo ameambiwa nini?" Wakaanza kujibizana, wa Iramba waliopo mle ndani wakatafsiri, wengine wakabisha tafsiri, na kila aliyekuja kubishana ilibidi aitazame video mpaka mwisho. Jioni ile waliofuta oda walianza kurudi mmoja mmoja. Wengine hawakutaka hata kukiri kuwa walifuta, waliandika tu, "Langu lipo, eti?"

Nikapigia Mama Tuli kumshukuru na kumuuliza biashara ya asubuhi ingekuwa kiasi gani. Akataja elfu kumi na mbili. Nikamtumia palepale.

"Nilikuwa nakutania kidogo, baba, lakini nimepokea," akasema. Kisha: "Halafu asubuhi ile kwa hasira sikukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Kidole?"

"Kinakaanga."

Siku ya Jumatano nilishinda na simu tu, lakini nilichoka kama aliyeshinda shambani. Niliwaandikia wateja wote mmoja mmoja, kwa jina, salamu kwanza, kisha video, kisha sentensi moja: mafuta haya ni mabichi, yapike kabla ya kutumia. Sikutuma kwa mkupuo. Ujumbe wa mkupuo unasomwa kama tangazo la mbiu, kila mtu anadhani anaambiwa mwingine. Na karatasi za madumu tukazibandua, tukaandika upya, maneno ya kupika yakiwa makubwa kuliko jina letu. Mzee Kidua alilitazama jina la mtambo wake lilivyokuwa dogo, akameza mate, akasema, "Sawa."

Kwa hiyo mkiniuliza tufanyeje watu wanunue, nawaomba mfanye hivi. Chukueni kile mnachouza, mketi na mtu asiye wa kwetu kabisa, mumwangalie akikitumia bila kumsaidia. Mwenye asali, mwangalie anavyoitazama ikiganda, akidhani umeichanganya na sukari. Mwenye kuku wa kienyeji, mwangalie anavyomchemsha dakika ishirini kisha anasema umemuuzia mpira. Pale atakapokosea, hapo ndipo penye posti yenu inayofuata. Na mtu akiwatukana mtandaoni, kabla hamjajibu mwulizeni kama ameungua.

Lori liliondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, madumu sitini na moja juu. Mama Hadija alipewa dumu moja bure kutoka stoo na akalikataa kwa sababu halikuwa limepikwa, ikabidi tumpikie. Mzee Kidua alisimama karibu na mizani yangu ya zamani akitazama vumbi la lori.

"Msengi."

"Naam, Mzee."

"Kumbe picha inakaanga."

Wakulima walilipwa Jumamosi kama walivyoahidiwa, na dalali alipokuja wiki iliyofuata aliambiwa bei na mtu mwingine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Wateja watatu hawakurudi, na madumu yao tu tulimpa yeye kwa bei yake ya zamani, elfu sitini sitini. Sitini na moja yaliyobaki yalilipwa elfu themanini na tano kila moja, yaani elfu ishirini na tano juu ya bei ya dalali. Nikatoa elfu kumi na mbili za Mama Tuli, nikatoa elfu tatu za bando, nikapiga mstari chini ya ukurasa. Tulichookoa ni shilingi milioni moja, laki tano na elfu kumi.